Ushauri: Prado au Pajero kwa familia ya watu saba, usalama ukoje?

Mzee wa Keria: Wakuu, habari za leo. Natafuta gari la watu saba la kwenda Dar–Mwanza, mizigo mingine juu ya keria. Nimebakiwa na Prado ya 2005 au Pajero ya 2008. Nasikia magari haya marefu yanapinduka kirahisi, na wengi wanayauza wahamie RAV4 na Harrier. Nichukue au niachane nayo?

Spana 14: Mkuu, hatari ipo na inapimika. Chukua nusu ya upana kati ya matairi ya kushoto na kulia, gawanya kwa kimo cha kitovu cha uzito. Tuseme upana ni mita 1.58 na kitovu kiko sentimita 70: unapata 1.13. Namba ikiwa ndogo, gari linapinduka kirahisi zaidi. Magari madogo mengi yako 1.3 hadi 1.5. Sasa gari la kilo 2,000 lipandishie kilo 100 kwenye keria, mita 2 juu: kitovu kinafika sentimita 76, unabaki na 1.04. Kwa hiyo magunia yakae ndani, sakafuni. Juu weka magodoro. Na asikudanganye mtu kuinua gari kwa spesa (vipande vya kunyanyulia bodi) ili lipendeze.

Binti Gereji: Naongezea. Gari huanza kupinduka mara nyingi tairi likishatoka lami, likazama kwenye udongo laini, dereva akashtuka na kukata usukani kwa nguvu. Ukitoka, achia mafuta taratibu, shika usukani sawa, punguza mwendo, ndipo urudi.

Ukikagua, washa swichi bila kupiga stata: taa ya VSC, mfumo wa kuzuia gari lisiteleze (kwa Pajero, ASC), iwake kisha izime injini ikishawaka. Isipowaka kabisa, ama gari halina mfumo huo, ama kuna mjanja amechomoa balbu. Si Prado zote za miaka hiyo zinao. Hata programu yake ina uzito: Aprili 2010 Toyota ilisimamisha kuuza Lexus GX 460, ndugu wa Prado 150, kwa sababu mfumo ulichelewa kuzuia nyuma isiteleze kwenye kona. Ilirekebishwa kwa kubadili programu tu.

Upepo Sawa: Matairi! Soma tarakimu nne za mwisho za DOT, namba iliyochapwa ubavuni mwa tairi: 2319 ni wiki ya 23, mwaka 2019. Likizidi miaka sita usilipeleke safari ndefu hata kama kashata (meno ya tairi) bado nene, na spea vilevile. Upepo ukipungua ubavu unajikunja, tairi linachemka, ngozi inabanduka. Ndiyo kasheshe ya Ford Explorer na Firestone, matairi milioni 6.5 yakarudishwa 2000. Jaza asubuhi tairi likiwa baridi, kwa namba za kibandiko cha mlango wa dereva.

Spana 14: Kuhusu kuuzwa, wengi wanakimbia wese, si ajali. Pajero ilikoma kutengenezwa 2021. Vipuri bado vipo, ila wakati wa kuuza utapigwa bei. Mimi nasema Prado, yenye VSC, au uiache. RAV4 ya siti tano kubeba watu saba ni hatari zaidi: wawili hawana mkanda.

Mzee wa Keria: Asanteni. Na tairi likipasuka kwa spidi 100?

Binti Gereji: Usikanyage breki. Kaza usukani gari liende moja kwa moja, achia mafuta, liache lipungue lenyewe hadi kama 30, ndipo utoke pembeni.