Mjadala: Midomo minene kwenye katuni zetu ni dharau, au ndiyo inayompa mhusika uhai?

Wino Mzito (mleta mada)

Wadau, habari za jioni. Nina hoja, na najua itawaudhi baadhi yenu.

Sisi wachoraji wa Afrika Mashariki tumeanza kuuogopa uso wa Mwafrika. Angalia kazi za vijana wanaobuni wahusika wao wenyewe: macho makubwa ya katuni za Kijapani, pua nukta moja, mdomo kistari. Kisha inamwagwa rangi ya kahawia, nywele zinasukwa twende kilioni, na huyo anaitwa Neema. Ukiuliza midomo iko wapi, unajibiwa kwamba midomo minene ni ubaguzi. Wengine wamekimbilia sungura na tembo moja kwa moja, maana hakuna anayelaumiwa kwa pua ya tembo.

Hofu hiyo ina sababu, siibezi. Mchoraji Mbelgiji Hergé alipotoa *Tintin au Congo*, katuni ya safari ya kijana Tintin huko Kongo, kati ya 1930 na 1931, Wakongo karibu wote aliwapa sura moja, midomo imevimba na macho ya duara. Mwaka 2007 Mkongo aliyekuwa akiishi Ubelgiji, Bienvenu Mbutu Mondondo, alikishtaki kitabu hicho, na mwaka 2012 mahakama ya Brussels ikayakataa madai yake. Marekani nako, katuni 11 za Warner Bros. ziliondolewa hewani mwaka 1968 kwa jinsi zilivyowachora watu Weusi.

Lakini tazameni kosa lilipo. Mdomo uleule umegongwa kama muhuri wa ofisi ya kata: mtoto, mzee, chifu, mchukuzi, wote mmoja. Huwezi kumtofautisha mtu na mwenzake. Mbunifu anayeijua kazi hutia chumvi kwa sababu iliyo kinyume kabisa, ili huyu asifanane na yule. Vikaragosi vya mpira vya *The XYZ Show*, kipindi cha runinga cha kuwakejeli wanasiasa alichokianzisha mchora vibonzo Gado huko Kenya mwaka 2009, vilivutwa masikio, pua na mashavu, na mtazamaji alimjua mkubwa anayesemwa kabla hajafungua kinywa. Sijasikia mtu akisema Waafrika wametukanwa pale. Labda wenye pua zao.

Halafu kuna tunachokipoteza. Hisia zetu nyingi zinakaa mdomoni. Shangazi anabetua midomo akisikia pilau la jirani likisifiwa. Dada wa dukani anakuonyesha kwa mdomo sukari ilipo, mikono iko kwenye simu. Kondakta anasonya. Mtoto kanuna, mdomo wa chini umetangulia mbele ya uso mzima. Hebu mchore mtu anayesonya kwa kistari kimoja. Nasubiri.

Msimamo wangu: tuichore midomo, na tuitie chumvi bila aibu. Karibuni.

Mama Wawili

Kaka, umeongea kama mchoraji. Mimi nafundisha darasa la tatu. Mtoto hajui nia ya mchoraji, anajua jina la utani tu. Akimwona kwenye katuni mtu wa midomo mikubwa anayechekwa, kesho yake mwenzake darasani amepata jina, na jina hilo litamfuata hadi kidato cha nne.

Na usimtupie Hergé kila kitu. Angalia vibonzo na vichekesho vyetu, vilivyotengenezwa na sisi wenyewe. Mwenye midomo na pua pana ni nani? Mlevi, mlinzi anayesinzia, mshamba aliyeshuka Ubungo na begi la salfeti. Binti mrembo anayegombewa ana pua ya sindano na ngozi nyeupe kuliko wazazi wake. Hapo Mbelgiji hayupo.

Mbona Akili wa katuni za watoto za studio ya Ubongo, yule msichana wa miaka minne anayeishi chini ya Mlima Kilimanjaro, ana uso mwepesi tu na watoto wanamwelewa vizuri? Akifurahi wanafurahi.

Chapati Maji

Hello Kitty, yule mhusika wa Kijapani mwenye sura ya paka, hana mdomo kabisa tangu 1974 na anauza dunia nzima. Nimemaliza.

Wino Mzito

Anauza mabegi, mkuu. Siku akitakiwa kumsonya mtu, nishtue.

Fundi Fremu

Naomba niingie kama mtu wa kazi, maana naona mnagombana juu ya uso kabla hamjaona unavyotembea.

Filamu ni fremu 24, yaani picha 24, kwa sekunde. Kwenye kazi za bei yetu tunachora 12, kila mchoro unakaa fremu mbili, na mdomo hauchorwi upya kila mara: unakuwa na seti ya midomo unayoibadilisha kufuata sauti. Uliofungwa wa m, b na p. Meno juu ya mdomo wa chini kwa f na v. Wa mviringo kwa o na u. Seti nyingi zinazozunguka mtandaoni zimepangwa kwa Kiingereza. Kiswahili silabi karibu zote zinaishia na irabu, kwa hiyo kinywa kinafunguka muda wote, halafu kinafungwa ghafla kwenye mb, mw, mp. Mpe mhusika wako sentensi "mwambie mama mbwa kampitia mpemba" uone. Kwa mdomo wa kistari, kufungwa kwa m na kunyamaza kunafanana, mtazamaji anadhani sauti imeruka. Ukiwa na midomo miwili yenye unene, kufungwa kunaonekana. Hapo namuunga mkono Wino.

Ila asijidanganye kwamba ni rahisi. Kwenye ngozi nyeusi mstari mweusi unapotea, na suluhisho la haraka ni kung'arisha mdomo. Ukiung'arisha mno umerudi kwenye michezo ya Marekani ya karne ya 19, ambako wazungu walijipaka masizi ya kizibo cha chupa kilichochomwa na kuacha mdomo mkubwa ukimeremeta katikati ya uso. Mimi mdomo wa chini naupandisha hatua moja tu ya mwanga kuliko ngozi, wa juu nauacha uwe mweusi zaidi, na mistari ya ndani ya uso naifanya kahawia iliyokolea badala ya nyeusi. Nyekundu sigusi, labda awe amepaka rangi ya mdomo kweli.

Na jambo moja mnalisahau wote: mjaze mhusika weusi mtupu abaki kivuli. Kama hisia haisomeki, hata umpe midomo ya ukubwa gani umefeli. Aliyenuna anajulikana kwa mgongo.

Mtu wa Katanga

Mimi niko Lubumbashi. Mnamtaja Tintin kama mzimu, lakini Kinshasa kuna mafundi wanaochonga sanamu zake za mbao na kuwauzia wageni, pamoja na gari lake na watu wake. Pesa inaingia nyumbani. Wapo wanaokichukia kitabu kile, wapo wanaocheka. Swali langu kwenu ni nani anayelipa? Kazi ikiagizwa na watu wa nje, wao ndio wanaoamua mdomo uwe mpana kiasi gani, na siku hizi wanaogopa kuliko sisi. Mchoraji anarudishiwa mchoro wake aupunguze. Anapunguza, kodi ya nyumba inamsubiri.

Wino Mzito

Ndugu yangu wa Katanga, hapo sina jibu zuri.

Mama Wawili, nakujibu kwa Wamakonde. Miaka ya 1950 Samaki Likankoa alianza kuchonga kwa mtindo tunaouita shetani: jicho moja, sikio limeshuka hadi kiunoni, kinywa kimepindwa. Akaja George Lilanga wa Masasi, aliyezaliwa 1934 na kufariki 2005. Pale Nyumba ya Sanaa, Dar es Salaam, akayatoa mambo hayo kwenye mti akayapeleka kwenye rangi. Midomo imechomoza, masikio kama ungo, matumbo mbele, na kila mmoja ana lake analolifanya. Sanaa ya kutia chumvi tunayo nyumbani, na haikuanzia studio ya mtu.

Mama Wawili

Umejijibu mwenyewe, kaka. Midomo mikubwa umempa shetani.

Chapati Maji

😂😂 Wino kapigwa na mwalimu.

Wino Mzito

Nimepigwa nusu. Mashetani wa Lilanga wanakunywa, wanacheza ngoma, wanabeba watoto, wanagombana. Ni majirani zetu hao, na hakuna anayewacheka kwa midomo yao.

Lakini la mlevi na mlinzi silipingi, lina ukweli unaouma. Turekebishe hapo basi, kwenye ugawaji. Mhusika wangu mkuu wa sasa ni fundi pikipiki wa kike: midomo minene, pua pana, nyusi nene zinazokaribia kukutana. Mlevi wa mtaani nimempa uso mwembamba, wa mtu wa ofisini.

Mama Wawili

Huyo fundi pikipiki wanangu watamwangalia. Ila kwenye hadithi kuna atakayempenda? Au naye atakuwa wa kuchekesha tu, mrembo akipita nyuma yake?

Fundi Fremu

Jibu hilo kwanza, Wino. Halafu nitumie seti yake ya midomo, na kusonya kuwemo.