Betri ya boti kuisha chaji upesi: wana Kuchele (Mtwara) na Lindi, tupeane uzoefu

Mwanzisha uzi (Shangani, Mtwara)

Heshima kwenu wakuu. Nina kiboti cha faiba, betri yake ni N70 (ya ampea-saa 70). Nikiichaji inajaa vizuri, lakini boti ikilala nanga siku tatu mashine haipigi stata. Fundi wa kwanza hata hakufungua kifuniko, akasema betri feki, nunua nyingine. Nikanunua. Siku ya tatu, kimya vilevile. Hapo nikajua kuna mwizi wa umeme ndani ya boti.

Nikaazima tesa (kile kipimo cha umeme). Nikazima kila kitu, nikafungua waya wa hasi, nikaipitisha tesa katikati: ncha moja kwenye waya, nyingine kwenye kichwa cha betri, imewekwa kwenye ampea 10. (Hapo usiguse stata, utaunguza tesa ya watu.) Ikasoma ampea 0.6. Kila kitu kimezimwa! Kwa saa 24 hizo ni ampea-saa 14 na ushee, siku tatu 43, kwenye betri ya 70.

Nikachomoa fyuzi moja moja huku kijana ananisomea tesa. Redio, bado 0.6. GPS, bado. Taa, bado. Zikaisha zote, namba haijashuka. Maana yake mwizi hapiti kwenye fyuzi kabisa. Nikaufuata waya wa pampu ya ngama (maji yanayojikusanya chini ya boti), nikakuta aliyeifunga kaunga moja kwa moja kwenye betri, maungio kayazungushia utepe mweusi na kuyaacha chini kabisa, kwenye maji ya chumvi. Nilipoinamia na tochi nikaona vipovu vidogo vinapanda kama soda. Umeme unavuka ndani ya maji, kutoka waya hadi waya. Nilipobandua utepe, shaba ya upande wa chanya ilikuwa unga wa kijani.

Nimekata, nimeunga upya juu ambako maji hayafiki, nimeweka na fyuzi karibu na betri. Tesa sasa inasoma 0.01. Nyie wenzangu yaliwakuta yapi?

Mdau wa Mikindani

Pole mkuu. Mimi mwizi wangu alikuwa juu ya betri yenyewe. Ilikuwa na tope la chumvi na asidi, nikaona ni uchafu tu. Mzee mmoja akaniambia weka ncha nyeusi kwenye hasi, nyekundu isigonge chuma, iburuze tu kwenye plastiki ya mgongo wa betri. Ikasoma volti 2 na kitu. Kwenye plastiki! Nikakaza vifuniko, nikaiosha na maji ya magadi, nikasuuza, nikaifuta mpaka ikakauka. Ikarudi sifuri.

Mvuvi wa dagaa, Kilwa Kivinje

Wengi mnaolalamika betri inaisha haraka, haijawahi kujaa. Nasema hivyo kwa sababu mimi niliteseka karibu mwaka. Nina taa nne za LED za wati 10, zinawaka kwa muda wa saa tisa kila usiku. Kwa betri ya volti 12, hiyo ni kama ampea-saa 30. Paneli yangu wati 50, jua likiwa zuri kwa muda wa saa tano, hata isipopoteza kitu haivuki 21. Kila usiku wa giza nakopa, mchana nalipa nusu. Na masika ndiyo balaa.

Nikawa naibadilisha betri, kumbe nilitakiwa kuongeza paneli. Halafu nilikuwa natumia betri ya lori. Ile imetengenezwa kupiga stata na kujazwa papo hapo, ukiikausha kila usiku haifiki mbali. Tafuta ya sola.

Mdau wa Feri

Tesa za nini wakuu? Mimi nagusanisha waya kidogo, cheche ikiwa kubwa najua chaji ipo.

Mdau wa Mikindani

Kaka, betri ikichajiwa inatoa gesi inayolipuka. Cheche karibu na hiyo gesi, tutakuja kukusalimia hospitali.

Mdau wa Msimbati

Yangu ilikuwa imekufa kweli. Inachajiwa usiku kucha, asubuhi inasoma volti 10.5 tu. Betri ina seli sita, kila moja volti 2.1, kwa hiyo hapo seli moja imelala. Tukaipima asidi kwa kile kipimo cha kufyonza: tano zinasoma 1.26, ya tatu 1.12. Kijana alikiri aliwahi kuiongeza maji ya kisima. Yetu sisi wa pwani unayajua yalivyo. Hapo hakuna dawa, nilinunua nyingine, na dumu la maji ya betri sasa nalifungia mwenyewe.

Mama mwenye boti, Mchinga

Shikamooni wakubwa. Sisi tulipima kila kitu, boti ikilala pwani tesa inasoma karibu sifuri. Ikitoka baharini inarudi tupu. Nahodha anaapa hajui. Mwanangu akapanda nao usiku mmoja, akakuta inveta (ya kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani) chini ya mbao, simu saba na spika moja inapiga singeli! Na ile inveta, hata simu zote zikitolewa, yenyewe bado inakula. Nimewanunulia kipaneli chao kidogo. Inveta iko kwangu kabatini.

Mwanzisha uzi

Mama, hapo nimecheka peke yangu kama mwehu. Mdau wa Msimbati kanikumbusha kitu. Ile betri yangu ya kwanza, niliyoambiwa feki, nimeichaji, nikaiacha usiku mzima bila kufungwa popote. Asubuhi 12.6. Nikaiwashia taa kubwa ya boti nusu saa, ikashuka mpaka 12.4 na kusimama. Ni nzima kabisa. Laki na ushee nimempa muuza betri bure.

Mdau wa Feri

Sasa si uniuzie mkuu, bei ya kishkaji?

Mwanzisha uzi

Umechelewa. Mama watoto keshaifungia feni.