Fundi katusokomezea PDF zote ndani ya kanzidata, imegota GB 10, sasa anataka hela tena

Wakuu, mniwie radhi, leo naandika kwa hasira.

Saccos yetu ipo hapa Dodoma, wanachama wengi ni wakulima wa zabibu na alizeti. Kila mkopo una makaratasi yake: fomu, nakala ya kitambulisho cha NIDA, barua ya mtendaji wa kijiji, hati za dhamana. Tukamlipa fundi atutengenezee mfumo ili masjala ipumue. Jamaa akachukua SQL Server Express 2019, programu ya Microsoft ya kanzidata (ghala la taarifa za mfumo), ile ya bure, na kila PDF akaitia ndani ya jedwali lenyewe. Toleo hilo mwisho wake ni GB 10 kwa kanzidata moja. Kwa PDF za MB 2, zikifika elfu tano hivi umemaliza. Na skana kaiacha kwenye rangi, dpi 300 (nukta 300 kwa kila inchi), hata kwa barua yenye muhuri mmoja tu! Ukurasa wa A4 wa hivyo, kabla haujabanwa, unapita MB 25.

Sasa mfumo umegoma. Si PDF tu, hata rejesho la elfu kumi haliingii, maana hela na picha za vitambulisho vimo debe moja. Mama wa watu katoka Hombolo na daladala kuja kulipa, unamwambia nini?

Tukampigia fundi. Jibu lake: "Nunueni leseni kubwa." Kwa hela ya nani?

Na asiseme hili jambo ni geni. Utafiti wa Microsoft wa 2006, mtaalamu wa kanzidata Jim Gray akiwemo, ulionyesha kuwa vifaili vya chini ya KB 256 vinakaa vizuri ndani ya kanzidata, vya zaidi ya MB 1 ni afadhali viwe kwenye folda. SQL Server yenyewe tangu 2008 ina FILESTREAM: faili zinakaa kwenye diski, kanzidata inazisimamia, na hazihesabiwi kwenye kikomo hicho. Bure kabisa, hata kwa Express.

Najua watakuja wa "ndani ni salama, bakapu (nakala ya akiba) inakuwa moja". Ni moja kweli, ila hii yetu inajikokota usiku kucha, umeme ukikatika katikati unaanza upya. Folda nazo zina balaa lake, sikatai. Ofisi niliyokuwa zamani folda ilikuwa wazi kwa kila mtu, karani akajipangia faili upya kwa kufuata mwaka, kesho yake kila ukibofya: faili haipatikani. Kwa hiyo folda iguswe na mfumo peke yake, faili ziitwe kwa namba, kanzidata ibaki na anwani ya faili tu, na bakapu ya folda iende pamoja na ya kanzidata. Hilo lilimshinda nini?

Aliyewahi kuzihamisha PDF kutoka kwenye jedwali kwenda folda huku wanachama wakiendelea kuhudumiwa, aweke hatua zake hapa hapa uzini. Wale wa "njoo PM, nakufanyia kwa laki tano", piteni kimya.