Jina la tovuti kwa hati ya Kiarabu limekataliwa mara mbili: naomba ushauri

Muuza Vitabu wa Kirumba:
Ndugu wanajukwaa, nina duka la vitabu vya madrasa hapa Kirumba, Mwanza. Nilitaka kikoa, yaani jina la tovuti, chenye neno کتاب (kitabu) likifuatiwa na «mwanza» kwa herufi zetu, yote pamoja bila nukta katikati. Msajili amelikataa mara mbili bila kunieleza sababu. Nimekosea wapi?

Fundi wa Igoma:
Umechanganya hati. Kipande kilicho kati ya nukta na nukta kinatakiwa kiwe cha hati moja; mwongozo wa ICANN, shirika linalosimamia majina ya tovuti duniani, huwaachia nafasi wale tu ambao maandishi yao yamezoea mchanganyiko, kama Wajapani. Kinachoogopwa ni utapeli, kwa kuwa «а» ya Kirusi na «a» yetu hazitofautiki kwa macho. (Hata hati moja haitoshi: mwaka 2017 mtafiti mmoja alisajili jina lililofanana kabisa na la Apple kwa herufi za Kirusi tupu.)

Ukiandika Kiarabu kitupu, usianze na tarakimu, usichanganye ١٢٣ na 123, wala usirefushe herufi kwa kile kistari cha mapambo, maana kanuni za mwaka 2010 zinakikataza. Alama za irabu nazo usiziweke. Tena usishtuke ukiona jina limegeuka: mitambo ya majina hupokea herufi za kilatini, tarakimu na kistari tu, hivyo neno مثال (mfano) huhifadhiwa kama xn--mgbh0fb, na ni umbo hilo ndilo lisilopaswa kuzidi herufi 63.

Mwalimu wa Ukerewe:
Mimi ni mteja wa vitabu vya namna hiyo, na nakuambia kweli, ndugu yangu, walimu wengi ninaowafahamu huku kisiwani hawana kibodi ya Kiarabu kwenye simu. Sajili la herufi za kawaida kwanza, ndilo ulichape kwenye risiti. Halafu hakikisha kafu yako, yaani herufi ya «k»: ya Kiarabu ni ك, ya Kiurdu ni ک. Mwanzoni mwa neno zinafanana, lakini kwa kompyuta ni herufi mbili na majina mawili.

Muuza Vitabu wa Kirumba:
Ahsante, mwalimu. Nimefungua mipangilio ya simu sasa hivi. Kibodi niliyoitumia siku zote ni ya Kiurdu.