Vitisho vya mashabiki na upangaji wa matokeo Italia: mchezaji akimbilie wapi?

Swali: Ndugu wadau, tarehe 22 Aprili 2012, Genoa ikiwa nyuma kwa mabao 4 bila dhidi ya Siena, mashabiki wake wakorofi waliusimamisha mchezo kwa takribani dakika 45 na kuwashinikiza wachezaji wavue jezi kwa madai kwamba hawastahili kuzivaa, hata nahodha Marco Rossi akazikusanya. Mchezaji aliyedhalilishwa hadharani namna hiyo atapata wapi ujasiri wa kumripoti anayemtaka auze mechi?

Jibu: Ndugu, Nocerina, klabu nyingine ya Italia, walifikwa na makubwa zaidi. Novemba 2013 mashabiki wao, waliozuiwa kwenda mji wa Salerno kuitazama timu yao ikicheza ugenini, waliwatisha wachezaji wasicheze. Timu ikamaliza nafasi zote 3 za kubadilisha wachezaji katika dakika za mwanzo, kisha mmoja baada ya mwingine wakaanguka wakidai kuumia, hadi mwamuzi akauvunja mchezo. Klabu iliondolewa kwenye ligi, nami naona ni dhuluma kumwadhibu aliyetishwa kuliko aliyetisha.

Jibu: Nakubaliana nawe, lakini tusiwatakase wote. Andrea Masiello wa Bari alikiri kujifunga kwa makusudi dhidi ya Lecce mwaka 2011 ili alipwe.

Mwuliza swali: Ahsanteni. Masiello alistahili adhabu. Ninachodai ni kwamba anayepokea fedha na anayehofia usalama wake wasipimwe kwa mizani moja.