Mrejesho: Ile picha ya nyati yenye majina mawili

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kama ile picha ya nyati niliyonunua kwa muuza vitabu vya mitumba pale Posta ni ya kale kweli, na kwa nini pembeni ina majina mawili, Wolf na Whymper.

Mliosema nitafute lenzi, asanteni sana. Fundi saa mmoja Kariakoo kaniazima yake: hakuna vile vidoto vya mashine za kisasa, ni mistari mitupu, na ukipapasa nyuma ya karatasi unahisi ilivyokandamizwa. Ni chapa ya mbao, yaani picha iliyochongwa kwenye ubao kisha ikachapwa kwenye karatasi.

Joseph Wolf, Mjerumani, ndiye mchoraji. Wanyama ndiyo ilikuwa fani yake. Josiah Wood Whymper ndiye mchongaji, kazi zake akizifanyia London. Wote wawili wamo kwenye kitabu cha safari cha Livingstone cha 1857. Mwana wa Whymper, Edward, naye mchongaji, alikuwa katika kundi la kwanza kufika kilele cha mlima Matterhorn huko Ulaya mwaka 1865, basi dunia inamjua kwa mlima tu. Kwangu mimi baba yake ndiye mwenye mkono!

Fremu bado. Kwa unyevu huu wa Dar nitaweka kadi isiyo na asidi, karatasi isigusane na kioo.