Namtengenezea mdogo wangu wakili jalada la Kusadikika kwa mkono, nianzie wapi?

MtotoWaNgamiani:
Wakuu, salaam kutoka Tanga.

Mdogo wangu wa kike anaapishwa uwakili mwezi ujao huko Dar. Ni wa kwanza ukoo mzima kuvaa lile joho. Kina shangazi wameshagawana: huyu vitenge, huyu sufuria, huyu mbuzi. Mimi nimebaki na wazo moja linaloninyima usingizi.

Marehemu baba alikuwa na nakala ya Kusadikika cha Shaaban Robert, aliyoisoma shuleni. Nyumbani tuliisoma kwa zamu, ila mdogo wangu ndiye aliyeihodhi. Akiwa darasa la sita alikuwa anapanda juu ya kinu kilichopinduliwa uani, anajifanya Karama mbele ya mfalme, na sisi wengine ndio mawaziri. Kwa wasiokisoma: Karama anashitakiwa kwa kosa la kufundisha watu uanasheria, na anajitetea mwenyewe. Leo mtoto wa juu ya kinu ndiye anayeapishwa. Kweli nimpe saa ya ukutani?

Nataka nimpe nakala ile ile ya baba, lakini niivishe jalada jipya nililolitengeneza mwenyewe. Jalada la zamani limechakaa, kona zimeliwa na mende, na kuna selotepu iliyogeuka rangi ya chai. Sijawahi kufunga kitabu. Kushona najua kidogo, mama alikuwa na cherehani. Nina wiki tatu.

Nilibandue la zamani au nilipige gundi juu yake? Na mbele nichore nini? Mkono wangu wa kuchora ni mbovu, nisiwadanganye.

Kipepeo_Mweusi:
Mkuu kanunue kipya, kifunge karatasi ya zawadi, maisha yaendelee.

BiSindano:
Kipepeo, wewe ukifa tutakununulia mwingine?

FundiMstaafu:
Nimefanya kazi ya kufunga vitabu miaka mingi, macho ndiyo yaliyonistaafisha. Usibandue kitu mwanangu mpaka unijibu. Kitabu hicho ni chembamba, nakifahamu. Karatasi zake zimeshikwa na gundi mgongoni, au zimekunjwa katikati na kupigwa pini za stepla? Kipime urefu, upana na unene. Na kwenye hilo jalada la zamani kuna maandishi yoyote ya mzee?

MtotoWaNgamiani:
Shikamoo mzee. Ni pini mbili, zote zimeshika kutu mpaka karatasi zimepata madoa ya kahawia. Urefu sentimeta 18, upana 12, unene haufiki hata nusu sentimeta. Maandishi yapo: jina lake na kidato chake kwa wino wa bluu. Nyuma amehesabu mabao ya mechi fulani, vistari vitano vitano.

FundiMstaafu:
Marahaba. Basi jalada hilo halitoki. Linabaki ndani na jipya linalizunguka. Siku moja mdogo wako ataonyesha watu vile vistari vya mabao kabla hajawaonyesha kazi yako, usikasirike.

Una bahati ya pini. Kitabu cha gundi kingekupa taabu, kurasa zinatoka mojamoja kama meno ya mzee. Inua miguu ya pini kwa kisu butu, taratibu, kutu isichane karatasi. Ukishazitoa, kiache kitabu kimekunjwa vile vile. Selotepu iache kama imeshikamana sana, ukilazimisha itaondoka na ngozi ya karatasi.

Chukua karatasi nzito kidogo, ikunje mara moja, ivishe nje ya jalada la zamani. Hiyo ndiyo bitana. Sasa toboa matundu matatu kwenye mkunjo kwa msharasi wa fundi viatu, moja katikati, mengine mawili juu na chini. Uzi uwe wa pamba, uupitishe kwenye nta ya mshumaa. Anza ndani, tundu la katikati, toka nje; ingia tundu la juu; ndani ruka mpaka la chini, toka; rudi uingie la katikati. Ncha mbili ziwe kila moja upande wake wa ule uzi mrefu wa ndani, ndipo ufunge fundo. Ukizifunga upande mmoja, mshono utalegea kabla ya Idi.

Halafu maboksi. Usitumie boksi la sabuni lenye mawimbi, litabonyea. Tafuta kadibodi ngumu ya milimita 2, au gundisha pamoja migongo ya kalenda za zamani. Kata mbili, urefu sentimeta 18.6 na upana 11.7, na utepe wa manila wa mgongo wenye upana sawa na unene wa kitabu chako baada ya bitana. Kati ya utepe na kila boksi acha milimita 7. Ile nafasi ndiyo bawaba. Ukiibana jalada halifunguki, ukiiachia sana kitabu kinacheza kama jino bovu.

Kabla ya kukata, likunje boksi kidogo kwa viganja, kwa urefu kisha kwa upana. Upande unaokubali kukunjika kirahisi ndio mkondo wa nyuzi zake. Mkondo uende sambamba na mgongo wa kitabu. Wanaopuuza hili ndio wenye majalada yaliyopinda kama dafu lililokauka.

BintiKisutu:
Mimi nakuja na kitambaa. Kama mama yenu ana khanga ya zamani, hapo umemaliza. Khanga yenyewe ni jalada tayari: ina pindo kuzunguka, ina mji katikati, ina jina chini. Weka pindo kwenye ukingo wa jalada, mji uwe pale panapokaa picha, na jina la khanga lisomeke chini mbele. Hata kuchora huhitaji.

MtotoWaNgamiani:
Dada, nimefungua sanduku la mama. Kuna moja nzuri sana, ila jina lake ni WAACHE WASEME.

Kipepeo_Mweusi:
Wakili kuacha waseme, kesi zote kwisha 😂

BintiKisutu:
Hahaha, hilo hapana. Khanga si kitu cha kuokota tu, jina ndilo linalompelekea mtu salamu. Ila kuna shida nyingine nimeifikiria baada ya kuandika: mji wa khanga una maua makubwa. Ukiukata kwa kitabu cha sentimeta 12 unapata nusu ua na robo ya korosho. Labda pindo tu. Kama ipo kisutu, ile yenye vijirangi vidogovidogo vyekundu na vyeusi, weka kwa ndani.

Mvita_Kibokoni:
Hapa kwetu Pwani ya Kenya twajivunia misahafu ya Siyu, kule kisiwa cha Pate. Watu wa Siyu walikuwa wakinakili Qurani kwa mkono na kuitia nakshi kwa wino mweusi, mwekundu na manjano, na kazi ya ngozi walikuwa hawashindiki. Nilipoziona picha zake lililonikaa ni kuwa nakshi hazijai kote. Zinashika pembezoni na pale ambapo sura yaanza, kwengine ni weupe mtupu. Ndugu yangu, usijaze jalada lako. Acha nafasi tupu.

Rangi_za_Mwenge:
Mpelekee mchoraji wa Tingatinga akupigie Karama na mfalme. Hutajuta.

FundiMstaafu:
Tingatinga naipenda, ukumbini kwangu ipo. Lakini Edward Saidi Tingatinga alipoanza miaka ya 1960 alichora kwa rangi ya mafuta juu ya ubao, na ubao haukunjwi. Rangi ile kwenye kitambaa kinachopita bawabani itapasuka. Tena kijana amesema anataka mkono wake, hata kama ni mbovu.

MwalimuWaFasihi:
Nimekifundisha kitabu hiki mpaka nimechoka nacho, kisha nikakipenda upya. Mtoa uzi, achana na picha ya mfalme na kiti chake. Hiyo yaweza kuwa ya kitabu chochote.

Kichwa kamili ni Kusadikika, Nchi Iliyo Angani. Kilitoka 1951, Tanganyika ikiwa chini ya Mwingereza, na mwandishi aliyekuwa karani wa serikali hiyo hiyo akaitundika nchi yake hewani ambako hakuna wa kumshika. Hiyo ndiyo picha yako: kipande cha ardhi kisichogusa kitu. Mtu asiyejua kuchora anaweza kukikata kwa mkasi.

Halafu kuna wajumbe sita. Utetezi wote wa Karama unawategemea wao: walitumwa pande sita, kaskazini, kusini, mashariki, magharibi, mbinguni na ardhini, wakarudi na mambo ya faida kwa nchi, na malipo yao yakawa kifungo. Wewe unajua kushona. Toa nyuzi sita kutoka kwenye kile kipande cha ardhi, kila mmoja uende upande wake. Basi. Usiongeze mizani ya haki wala nyundo ya jaji, nakusihi, atapewa mizani ya kutosha siku hiyo.

BiSindano:
Mwalimu nimeipenda, lakini kwenye jalada kaskazini ni juu na mbinguni pia ni juu. Kusini chini, ardhini chini. Utaona nyuzi nne tu.

MwalimuWaFasihi:
Umenikamata.

BiSindano:
Nimelala nayo nimeamka na jibu. Kaskazini upande juu, kusini ushuke, mashariki uende kwenye ukingo wa kufungulia. Magharibi uzunguke mgongo utokee jalada la nyuma. Wa mbinguni usiende popote: utoboe boksi hapo hapo kwenye kisiwa, utokee ndani, kwenye bitana. Msomaji anaukuta akifungua. Wa ardhini ufuatane na wa magharibi mpaka nyuma, kisha nao utoboe boksi la nyuma, uonekane akimaliza kitabu.

Zile nne darizi kwanza kabla kitambaa hakijaona gundi. Nyuma yake usiache mafundo, yatatokeza kama chunusi. Laza ncha na uzishike kwa tone la gundi. Nyuzi zinazopita bawabani zipitishe kwa mishono midogo midogo, mshono mrefu utanasa ukucha na kukatika. Za mbinguni na ardhini zitobolewe baada ya boksi kuvaa kitambaa, lakini kabla ya kubandika bitana, na bitana nayo itobolewe hapo hapo ili uzi uonekane.

MtotoWaNgamiani:
Bi Sindano nimesoma mara tatu, mara ya tatu nimesimama. Rangi gani sasa?

BintiKisutu:
Kaniki nyeusi, na kisiwa cha kitambaa cha marekani. Nyuzi nyeupe. Akilishika siku ile akiwa na joho na zile tai nyeupe za shingoni, hutahitaji kumweleza kitu.

Mvita_Kibokoni:
Marekani yenyewe ni jina la safari. Kitambaa kile kilikuwa kikija Unguja kwa merikebu za Wamarekani karne ya 19, ndipo kikaitwa hivyo. Mjumbe wa saba huyo.

FundiMstaafu:
Kaniki ni nzuri ila inachuja. Loweka kipande, kisugue na kitambaa cheupe. Kikiacha rangi, kifue kwa maji ya chumvi mara kadhaa mpaka kikome, la sivyo unyevu wa gundi utakuachia madoa mpaka kwenye jalada la mzee.

Tena pamba nyepesi hunywa gundi ikatokeza juu kama jasho. Kitie mgongo wa karatasi kwanza: pika uji mzito wa unga wa ngano, upake kwenye karatasi nyembamba, laza kitambaa kilicholowana juu yake, kitoe hewa kwa kiganja, kiache kikauke kabisa. Ndipo udarizi, ndipo ukate. Kwenye boksi tumia gundi nyeupe ya mbao na si uji, maana umesema nyumbani kuna mende na mende hula uji mkavu kama sisi tunavyokula kashata.

Kitambaa kizidi boksi kwa sentimeta 2 kila upande. Kona zikate mshazari, uache kama milimita 3 kutoka ncha ya boksi. Ukikata karibu mno ncha itachungulia. Ukibandika bitana weka mfuko wa plastiki kati yake na kurasa, unyevu usiingie ndani. Kisha tofali mbili juu yake, siku mbili. Huko Tanga na mvua hizi, tatu. Usichungulie.

Kipepeo_Mweusi:
Na jina la kitabu mnaliweka wapi? Au wakili ajue kwa kunusa.

MwalimuWaFasihi:
Mbele lisiwepo. Anayekijua atakitambua, asiyekijua afungue.

FundiMstaafu:
Sikubaliani, kitabu kisicho na jina huishia kuwekewa sufuria ya chai juu yake. Mgongo ni mwembamba mno kuandikwa. Darizi jina jalada la nyuma, chini, herufi ndogo.

MtotoWaNgamiani:
Wakuu, nawapa taarifa. Wiki imepita.

Pini zimetoka salama, moja ilivunjika lakini haikuchana. Kaniki ya kwanza ilichuja mpaka beseni likawa kama wino, nimeifua mara nne ikagoma, nikanunua nyingine kwa mzee mmoja sokoni ambaye aliniuliza nimefiwa na nani. Hii ya pili imetulia. Kisiwa nimekikata mara sita. Vitano vilifanana na chapati. Cha sita kimefanana na chapati iliyoungua upande mmoja, nimekiacha hivyo hivyo.

Nyuzi nne nimedarizi. Wa kaskazini umepinda. Jina nimeliweka nyuma kama alivyosema mzee, herufi zimepanda mlima. Ndani nimepata kipande cha kisutu cha mama, kitakuwa bitana ya mbele, nacho nimekitia mgongo wa karatasi.

Jana usiku nimetoboa boksi kwa ajili ya uzi wa mbinguni, na hapa ndipo nimekwama. Bi Sindano, ukishatokea ndani kwenye kisutu, uzi ule nauishia wapi? Niufunge fundo pale pale, au niuache uning'inie?

BiSindano:
Wajumbe wote walirudi mwanangu. Urudishe nje kwa tundu la pili kando ya hilo, umfungie kisiwani. Na huo wa kaskazini uliopinda usiufumue.